Mtumiaji wa Nne

Saa nane usiku, Mawalih. Kiyoyozi kinakohoa,
Azzan mdogo wangu kalala, kitabu kimemfunika uso,
nami nazipanga kazi zangu kama muuza kanga anayekunja doti:
programu ya duka la kahawa lisilokuwepo,
programu ya kukodi ngamia, ambayo hakuna aliyeiomba,
saa ya sala yenye mwezi unaozunguka polepole.
Kumi na moja kwa jumla. Zote zinang'aa.
Hakuna hata moja iliyowahi kuguswa na kidole cha mtu.

Hili ndilo jalada langu, la kuwapelekea
watu wa ghorofa ya sita, Al Khuwair,
walioandika kwenye tangazo lao: tuonyeshe unavyofikiri.

Ninavyofikiri.
Mimi nilidhani nafikiri kwa rangi.

Nikalitafuta daftari la mwezi wa Shaabani,
lile lenye doa la chai, la siku ile kwa shangazi Shinuna,
Alkhoudh, nyumba ya tatu ukishampita kinyozi.
Watatu wa mwanzo walikuwa wenzangu wa chuo;
walimaliza kabla vikombe havijapoa.
Kisha nikampa yeye simu: weka miadi ya macho, shangazi.
Nikanyamaza. Ndiyo kanuni, mtafiti hanong'onezi
(ingawa chuoni hawafundishi kumnyamazia shangazi yako
anapokutazama hivyo).

Alizaliwa Bujumbura. Darasani kwao
mstari ulianza kushoto ukaishia kulia,
na tangu hapo, kwa mkono wake, mbele ni kulia.
Msahafu anausoma kwa mwendo wake bila kukosea,
lakini msahafu haukuulizi namba ya kitambulisho.
Kwenye skrini ile, mbele ilikuwa kushoto.
Akabonyeza mshale wa kulia: akarudi alikotoka.
Akabonyeza tena: jina lake likafutika.
Mara ya tatu akaiweka simu juu ya mkeka,
uso chini, kama mtu anayefunika sahani.
"Mashine hii inanifukuza."

Niliandika saa na dakika. Sikuandika
kwamba nilitaka kulia.

Wiki tano nikachora na kufuta. Mshale mnene,
mshale mwembamba, mshale wenye duara,
hata mshale unaopepesa, aibu yangu.
Mwisho nikaitoa mishale yote
nikaweka neno moja, pana kama mlango wa gereji.
Alipofika, hakushangilia. Akauliza daktari ni mwanamke?

Leo nimezifuta zile kumi na moja.
Ile ya ngamia iliniuma kidogo.
Nimebakiza moja, na michoro yake mibovu yote sita,
na picha ya kidole gumba chenye hina iliyopauka
kikisita juu ya kioo.

Ila kuna jambo la Ijumaa.
Alikuja kula, nikamwonyesha ukurasa.
Akaisogeza miwani. "Mtumiaji wa Nne,
mwanamke, miaka sitini na nane. Nani huyu?"
"Wewe, shangazi."
Akaulamba mchuzi kidoleni, hakuharakisha.
"Hospitali mimi namba ya faili. Benki mimi namba ya foleni.
Kwenye bili ya maji mimi namba ya mita.
Na kwako, mtoto wa kaka yangu, mimi ni wa nne?"
"Ni kukulinda. Majina huwa ni siri."
"Siri ya nani? Mimi sijaiba.
Andika Shinuna. Na uandike
mara ya saba nilifika mwenyewe."

Kanuni inasema mhusika akiridhia, sawa.
Nikaichapa fomu ya ridhaa. Akatia sahihi
kwa herufi za Bujumbura, zimelala kulia kama mtama.

Sasa ni saa tisa kasoro robo.
Jalada lina kazi moja na jina moja lisilo langu.
Huenda likaonekana jembamba. Huenda wasilifungue.
Natuma.
Kitufe cha kutuma kiko kushoto.
Kidole changu nacho
kimetangulia kulia.